Usiku wangu wa kwanza baharini

Miaka 31 nimeolewa na nahodha, na hadi Januari hii sikuwa nimelala naye baharini hata usiku mmoja. Jahazi lake lilibeba boriti za mikoko, Lamu hadi Mombasa, pengine hadi Unguja. Yangu ilikuwa kupanda darini bahari ikichafuka, nikatazama upande wa Shela kama kuna tanga. Wake wa mabaharia wanaijua dari ile.

Watoto walipotuchangia safari ya meli ya watalii, Mombasa, Unguja, kisha Shelisheli, mwenzangu alikataa mara mbili. “Ile si chombo, ile ni nyumba ya ghorofa,” alisema. Nikamwambia kama hendi nitakwenda na dada yangu. Kesho yake nikamkuta anakunja kikoi chake cha safari.

Tulitoka Kilindini jioni. Feri ya Likoni ikasimama kutupisha, na watu wake wakatupungia. Nilipunga mkono hadi bega likaniuma.

Meli yenyewe ni kubwa mno, lifti na bwawa la kuogelea ndani, na chakula hakiishi tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Nyama hatukuigusa, tulishika samaki. Mhudumu mmoja kijana kutoka Indonesia, Mwislamu mwenzetu, alipomwona mume wangu na kofia yake akawa anakuja mwenyewe kutuonyesha sahani za kuepuka. Mungu amlipe. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, na kila tukishuka kulala mzee alisema, “Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” yaani zunguka nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi chini tumboni mwake.

Unguja tulishinda siku moja, tukasalimia jamaa. Baada ya hapo ni maji matupu, siku mbili na ushei.

Hapo ndipo mume wangu alipobadilika. Alitafuta pahali nyuma kabisa, tezi, penye upepo usiozuiwa na vioo, na baada ya isha tukawa tunakaa huko wawili tu, wengine wako kwenye muziki. Kaskazi ilikuwa ikitupiga ubavu wa kushoto kwa mbele. Akasema jahazi hapa lingebisha siku nyingi, huku na huku, meli hii inapasua tu. Akanionyesha nyota za Kilimia, akanionyesha nyota ya Suheli upande wa kusini, anang'aa peke yake. Kwetu kibla ni kaskazini, kwa hiyo Suheli akisimama sawasawa kusini, ukimpa mgongo umeelekea Makka. “Lakini sasa tunakwenda mashariki,” akasema, “kila usiku geuka kidogo kushoto.” Usiku wa mwisho, tukiikaribia Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, aliniweka mikono mabegani akanigeuza taratibu mpaka Suheli akawa nyuma ya bega langu la kushoto. Kiganja chake bado kina ile sugu ya demani, kamba ya kuongozea tanga, chini ya kidole cha shahada, ngumu kama kokwa. Miaka yote nimeuosha na kuupaka mafuta mkono ule, na sikuwa nimewahi kuuona ukiwa kazini.

Nikamuuliza, usiku kama huu ulikuwa ukiwaza nini? Akafikiri kitambo. “Pipa la maji limebaki kiasi gani. Na kama taa ya darini imezimwa.” Sikumjibu. Taa ile nilikuwa siizimi, na yeye hakuwahi kuniuliza sababu.

Mahé ni milima ya mawe makubwa inayotoka baharini ghafla, nzuri kweli. Katika soko la Victoria nililiona tunda tunaloliita shelisheli kwetu, wao wanaliita friyapen, wanalikaanga vipande vyembamba na chumvi. Wanasema ukilila huko lazima urudi. Nilikula mfuko mzima. Siku iliyofuata tulivuka hadi Praslin, kwenye bonde la Vallée de Mai, kuona minazi ya ile nazi pacha ambayo mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Mzee aliipakata moja kama mtoto mchanga, na kwa uzito wake akaomba kiti.

Tulirudi kwa ndege, kisha basi kutoka Mombasa hadi Mokowe. Kwenye boti ya kuvukia Lamu nilikuwa nakwenda kukaa katikati na akina mama, kama siku zote. Mume wangu akanishika mkono, akamwomba mshika usukani asogee kidogo, akanikalisha tezi.