Kazi ndogo za juu kabla ya kuuza nyumba: nilivyozipanga zikawa kazi moja

Doa lenyewe lilikuwa dogo, kama kiganja, kwenye dari ya chumba cha nyuma. Nilishalizoea hata nikawa silioni tena. Siku dalali alipokuja kukagua nyumba kabla ya kuitangaza, alisimama chini yake, akainua uso, akakaa kimya kidogo. "Dada," akaniambia, "mnunuzi akiliona hili hataulizia doa. Ataulizia paa zima."

Ushauri wake ulikuwa nilipake rangi. Nilikataa palepale. Nyumba niliyoishi miaka yote hiyo sikutaka kumkabidhi mtu huku nikijua inavuja, na mvua ya kwanza tu ingenisema.

Jioni nilitoka nje, nikaenda kusimama mbali, maana ukiwa karibu na ukuta paa halionekani. Nilipiga picha kila upande, kisha nikakaa kuzikuza kwenye simu. Kumbe doa halikuwa peke yake. Fishabodi, ule ubao unaozunguka ukingo wa paa, ilikuwa imeoza kwenye kona moja. Gata lilikuwa limeachia kwenye kiungo na kuinama, maji yakawa yanamwagikia ukutani badala ya kwenda kwenye bomba la kushushia. Chini ya dirisha la ghorofani lipu ilikuwa imebanduka, na wavu wa tundu la hewa ulikuwa umetoboka. Vyote ni vitu vidogo, na vyote viko mahali ambapo mkono haufiki.

Hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa sababu kazi ndogo ya juu haina mwenyewe. Fundi wa kwanza aliniambia wazi kwamba nikiwa na nyumba ya kupaua nimwite. Wa pili aliangalia akiwa getini, hakupanda popote, akasema bati zote zing'olewe. Wa tatu alikuwa tayari kuanza siku ileile, lakini ngazi yake ilikuwa fupi na alitaka kuisimamisha juu ya pipa. Nilimshukuru, nikamwomba asipande. Alinikasirikia, na mpaka leo sijutii. Hakuna kipande cha ubao kinachostahili uti wa mgongo wa mtu.

Fundi niliyempata mwishoni alikuwa mtu mzima, ameletwa na jirani. Nilimsomea orodha yangu: seremala wa fishabodi, fundi bati, fundi wa gata, wa lipu, wa rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kila mmoja atakuja na ngazi yake, na kila mmoja atakulipisha kupanda."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Tusimamishe jukwaa la kupandia mara moja tu, kila kitu kifanyike humo."

Hesabu ilipokuja nilielewa. Kukodi jukwaa kulizidi gharama ya mbao, skrubu, saruji na rangi vikijumlishwa. Kwa kazi za namna hii, pesa kubwa inakwenda kwenye kufika, siyo kwenye kutengeneza. Kwa hiyo kila kitu cha juu ambacho kingehitaji mkono katika miaka michache ijayo tulikiingiza kwenye siku hizo. Nilichokiacha ni kupaka rangi bati, ingawa kaka yangu alisisitiza. Bati zilikuwa zimepauka tu, hazina kutu, na mnunuzi angeweza kutaka rangi yake.

Ngazi mzee aliitumia mara moja tu, kwenda kupima. Kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi aliuweka mita moja mbali na ukuta, na ncha yake ikapita ukingo wa paa kwa kama mita moja ili apate pa kushika wakati wa kushuka. Akaifunga kamba juu ndipo akaanza kufanya lolote. Nilipoona hivyo moyo wangu ulitulia.

Kulitafuta tundu linalovuja lilikuwa somo peke yake. Mimi nilipanda darini na tochi, yeye akiwa juu na mpira wa maji. Alianza kumwagia chini, karibu na gata, akangoja dakika kadhaa, ndipo akasogea juu kidogo, na tena kidogo. Ukianza kileleni, maji yanateremkia kila mahali na hujui yameingilia wapi. Tone la kwanza nililiona likitambaa juu ya papi, yaani mbao inayoshikilia bati, likasafiri kama mita mbili, kisha likadondokea pale penye doa. Kosa lilikuwa kwa msumari mmoja wa bati ambao raba yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Mtu aliyepita kabla alikuwa amepaka silikoni mahali pengine kabisa, palipokuwa sawasawa juu ya doa. Msumari uling'olewa, ikaingia skrubu nene kidogo yenye raba mpya, ikakazwa kiasi cha raba kukaa vizuri bila kupondeka.

Fishabodi ilitangulia gata, kwa kuwa gata linaning'inia juu yake. Mzee alikataa kuupachika ubao mpya mpaka upakwe rangi pande zote, hata mgongoni, na zaidi kwenye ncha iliyokatwa kwa msumeno, kwani maji huanzia kunyonywa hapo.

Nilipokosea ni kwenye lipu. Sikujua kwamba lipu mpya ya saruji inatakiwa ikae kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi, nami jukwaa nililikodi kwa siku chache tu. Laiti ningeuliza mapema, kazi ya lipu ingepangwa vingine. Tulingoja, kisha ukuta ule ukapakwa kwa rola yenye mti mrefu, kona hadi kona, kwa sababu kiraka cha rangi mpya kwenye ukuta wa zamani kinaonekana hata ukiwa mbali. Picha za tangazo zikachelewa mwezi mzima. Dalali hakufurahi.

Wakati huo wote fundi alikuwa akinipigia picha kila mahali, kabla na baada, maana mimi nisingeweza kufika kuhakiki. Niliziweka pamoja na risiti.

Doa lenyewe nililiacha la mwisho. Nilichora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wake, nikangoja mvua. Ilinyesha usiku mmoja, kisha siku mbili mfululizo, na doa halikuvuka mstari. Ndipo nikapaka kwanza praima ya kuzuia madoa, kwani rangi ya maji peke yake huliacha doa lichomoze tena, kisha rangi ya dari.

Mnunuzi alipokuja nilimwambia kwamba hapa palivuja, nikamwonyesha picha ya ule mstari wa penseli na ya skrubu kule juu. Alizitazama kwa muda mrefu, moja baada ya nyingine. Kisha akaniomba namba ya simu ya yule mzee.