Tembo wa g8: kumbukumbu ya mradi wangu wa sataranji ya Seirawan

Hatimaye! Jumapili usiku programu yangu ya mchezo huu imejichezea michezo 200 mfululizo na hakuna kete iliyoingia kiharamu.

Kwa asiyeujua mchezo: ni sataranji yenye kete mbili za ziada, Mwewe na Tembo, wanaongoja nje, kila mmoja anaingia kwenye mraba ulioachwa na kete ya mstari wa nyuma inapoondoka mara ya kwanza. Hesabu za mwanzo za njia za kucheza zilinidanganya kwa sababu zilikuwa sahihi. Mweupe ana njia 28: 16 za askari, na miendo minne ya farasi mara tatu (mtupu, na Mwewe, na Tembo). Jibu la mweusi linafikisha 784 (28 mara 28). Lakini kete bado ziliingia kiharamu, basi nikalaumu mfalme anapojificha kwa ngome. Nimeiandika upya sehemu hiyo mara tatu, wiki mbili nzima, na kila mara inatoa njia tano zile zile zinazotakiwa.

Kosa nililiona nilipochora ubao kwenye kaunta buku, na kwangu kalamu bado inashinda programu zote za kusaka makosa. Farasi mweusi anatoka g8, mraba wake wa mwanzo, anarudi g8, anatoka tena, na Tembo anatua nyuma yake. Haramu kabisa! Lakini kwa nini programu iliruhusu?

Jumamosi nikaenda Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, kutazama bao. Kijana alitaka kuchezea nyumba yake (shimo lake maalumu), mzee akamshika mkono: "Mjukuu wangu, nyumba ulishaivunja. Hata zikijaa kete kumi, hilo ni shimo tu."

Nilisimama nikaondoka. Programu yangu ilikuwa ikiuliza "hapa pana farasi?" wakati swali ni "farasi huyu amewahi kutoka?" Sasa kila upande una namba moja ya biti nane (kama swichi ndogo za ndiyo au hapana), biti kwa kila mraba wa nyuma. Kete ikitoka au ikiliwa, biti inazimika moja kwa moja. Nilichosahau ni kuirudisha namba ya zamani programu inapofuta mwendo wa majaribio, na hilo likala Jumapili yote mchana.

Kilichopaswa kufuata ni saa na sheria za sare. Sijavigusa. Tangu Jumatatu naandika bao la kiswahili: kete 64, kila mchezaji 10 ubaoni na 22 mkononi. Kunamua (kuingiza kete za mkononi) tayari kunakubali, na nyumba nimeipa biti yake tangu mstari wa kwanza.