Pancha kwenye barabara ya Dempster

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tumeshaipita Eagle Plains, kituo pekee cha mafuta kwa mamia ya kilomita. Barabara ya Dempster inaanzia karibu na Dawson City, kule Yukon, Kanada, inakwenda kilomita zipatazo 740 hadi mji wa Inuvik, na karibu yote haina lami. Imejengwa juu ya tuta nene la kokoto kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Barafu ile ikipata joto ikayeyuka, barabara inadidimia. Kokoto zenyewe zina makali ya wembe.

Mwenzangu, mtu wa Bukavu niliyekuwa nafanya naye kazi Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, alishuka akalitazama. "Kaka, hili limekwisha."

Spea tulikuwa nayo, na jeki pia. Lakini kila tukipandisha gari, kitako cha jeki kinazama kwenye kokoto, gari linarudi chini. Ilikuwa Septemba, vichaka vimeiva rangi nyekundu kuanzia ukingo wa barabara hadi milimani. Hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, simu haina mtandao. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nilishasoma kwamba Yukon ina kilomita za mraba zaidi ya 480,000 na watu wasiofika 50,000, wengi wao wakiwa Whitehorse. Kusoma ni kitu kimoja. Siku ile niliogopa kweli.

Baada ya muda mrefu ikaja pikapu. Akashuka mzee wa Kigwich'in, kabila la wenyeji wa kule, na mjukuu wake, wanarudi kwao Fort McPherson. Hakuuliza kitu. Alichomoa ubao mnene nyuma ya pikapu, akauweka chini ya jeki, akaukanyaga mara mbili kuupima, kisha akampa kijana spana.

Nati zikifunguliwa, mzee alituhadithia habari ya polisi wanne waliotoka Fort McPherson kwenda Dawson na mbwa wa kuvuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, Desemba 1910, wakiongozwa na mkuu wao, Fitzgerald. Walimchukua Mgwich'in mmoja, Esau George, awaonyeshe njia, kisha wakamlipa wakamwacha arudi. Mbele wakakikosa kijito cha Forrest, walichotakiwa kukifuata. Chakula kikaisha, wakageuza, wakala mbwa wao, wakafa wote wakiwa wamekaribia kufika walikotoka. Koplo Dempster ndiye aliyewapata, Machi 1911, na barabara ikapewa jina lake. "Na aliyekuwa akimwongoza Dempster," mzee akasema, "ni Charlie Stewart. Wa kwetu."

Akanyoosha mkono kwenye vilima ambavyo mimi niliviona vyote sawa, akaanza kutaja: huu mto unaingia wapi, pale karibuu, kulungu wakubwa wa kaskazini, wanavukia wakihama, pale baba yake alikuwa anapiga kambi. Muda wote nilikuwa nimeiita ile nchi tupu. Niliona haya, na nikamheshimu mzee yule kama ninavyowaheshimu wazee wa kwetu.

Tulipomtolea hela alikataa. Alipapasa matairi matatu yaliyobaki, moja baada ya jingine, akatukatia vipande vya nyama kavu ya karibuu, akatuambia tusithubutu kurudi na spea moja. Inuvik tulinunua mbili.