Pengo Linalosafiri

Jumamosi. Gari limebaki gereji. Taa ya injini imewaka wiki nzima na petroli ilikuwa inakwisha kama inavuja, basi leo fundi akachomoa sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, akaniwekea kiganjani. "Dada, hii imekufa." Nikaifuta masizi. Ndani ya kile kifuniko cha chuma chenye matundu kuna kauri nyeupe, ndogo kama kastabini. Zirkonia, yaani oksidi ya zirkoniamu! Miaka miwili naichoma tanuruni maabara, sikuwahi kuishika ikiwa imetoka kazini.

Fundi akauliza oksijeni inapenyaje kitu kigumu vile. Nilifurahi sana alivyouliza. Haipenyi kama hewa, fundi. Inapita ioni moja moja, yaani atomu zenye chaji, kwa sababu ndani kuna nafasi tupu. Zirkoniamu ina chaji nne; itriamu, metali tunayoichanganya humo, ina tatu. Kila itriamu mbili zikikaa mahali pa zirkoniamu mbili, fuwele inalazimika kuachia oksijeni moja, na pale panabaki pengo. Ioni ya jirani ikipata joto la kutosha inaruka kuliziba, huku nyuma yake kunafunguka jingine. Narudi na daladala nikayaona yaleyale: wa mlangoni kashuka, tukasogea mmoja mmoja, nafasi ikasafiri hadi kiti cha nyuma.

Bila moto hakuna mwendo. Taa ya mkemia Mjerumani Walther Nernst, ya mwishoni mwa miaka ya 1890, ilitumia mchanganyiko huuhuu na ilibidi ipashwe kwanza ndipo iwake.

Ila mapengo yakizidi, mwendo unapungua. Upitishaji wa ioni hufika kilele itria (oksidi ya itriamu) ikiwa karibu asilimia 8 kwa moli. Mwaka jana sampuli yangu ya 10 ilitoka chini ya ile ya 8, nikadhani nimeiharibu, nikairudia mara tatu. Haikuwa na kosa. Pengo na itriamu huvutana, hushikana, na mapengo yenyewe huanza kujipanga. Yakijipanga, njia zinaziba.

Ndiyo maana siku hizi nimezama kwenye oksidi ya bismuthi. Kati ya nyuzi 730 na 825 hivi, robo nzima ya nafasi zake za oksijeni ni tupu na hazina mpangilio. Inaipita zirkonia mbali sana. Ikipoa, umbo linabadilika na upitishaji unaporomoka karibu mara elfu. Kuchanganya erbiamu, metali nyingine, huzuia badiliko hilo, lakini ukiiacha kwenye nyuzi 500 siku kadhaa, oksijeni zinaanza kujipanga upya, polepole.

Sampuli yangu ya kwanza ya bismuthi inaingia tanuruni Jumatatu.