Mji ulioanza kama moshi unaotoka ardhini

Mwisho wa Julai niliendesha gari kutoka Kansas City mpaka Nicodemus, mji mdogo wa hapa Kansas ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, masaa zaidi ya manne unaelekea magharibi tu, na tangu nirudi kila anayenipigia simu namsimulia hii safari, sasa nimeona bora niiandike kabisa maana watu wetu wengi hawaijui hii habari, hata sisi tunaoishi hapa Kansas miaka na miaka.

Ngoja nianze na mama mmoja anaitwa Willianna Hickman. Mwaka 1878, baridi ikiwa inaanza kuisha, alikuwa njiani kutoka Kentucky na mume wake Daniel ambaye alikuwa mchungaji, pamoja na kundi la watu wa kwao Georgetown. Treni iliwashusha mji wa Ellis, huku Kansas. Pale Ellis surua ikaingia kambini, watoto wakafa, wakazikwa, na wazazi wao wakabeba mizigo wakaendelea na safari. Kutoka hapo njia yenyewe hakuna, ni nyika tupu, wanaongozwa na dira, usiku wanakoka moto kuzuia wanyama. Siku ya pili wanaume wakaanza kushangilia kwamba Nicodemus ile pale. Mama anaangalia, haoni kitu. Akauliza iko wapi, mbona siioni. Mumewe akamwonyesha moshi unatoka ardhini, hapa mmoja, pale mwingine, akamwambia ndiyo hiyo. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo. Mama akaanza kulia.

Haya aliyasimulia mwenyewe miaka mingi baadaye akiwa mzee, na mimi mara ya kwanza kukutana nayo nilisoma nikarudia tena, kwa sababu nimekulia Dodoma vijijini na bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba ya tembe. Kwa asiyeijua, tembe ni nyumba fupi, paa lake bapa, juu wanapanga miti, halafu fito, halafu udongo, na kiangazi ukisimama mbali rangi ya nyumba na rangi ya ardhi ni ile ile, kwa hiyo kitu cha kwanza unachokiona ni moshi. Yaani nilikuwa naujua ule moshi aliouona yule mama. Nikajua lazima niende.

Sasa hawa watu walifikaje kule. Kentucky utumwa uliendelea mpaka Desemba 1865, kwa hiyo watu wazima wote waliopanda ile treni walizaliwa watumwa au wamelelewa kwenye utumwa, na ilipofika 1877 serikali ya Marekani ikaondoa askari wake kusini na wale waliokuwa mabwana wakarudi kushika kila kitu, kura, mahakama, mashamba. Mtu mweusi analima shamba la mtu mwingine na mwisho wa msimu anaambiwa yeye ndiye anadaiwa. Halafu huku magharibi kulikuwa na ile sheria aliyosaini Lincoln mwaka 1862, Homestead Act, unapewa ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, ukae miaka 5, ujenge, ulime, baada ya hapo hati inakuwa yako. Ekari 160, kwa mtu ambaye juzi tu yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu!

Hapo ndipo anapoingia dalali wa ardhi mmoja mzungu, W. R. Hill. Akaungana na wanaume weusi sita, W. H. Smith akawa rais, mchungaji Simon Roundtree katibu, na tarehe 18 Aprili 1877 wakaunda kampuni ya kuanzisha mji wa Nicodemus. Vipeperushi vikasambazwa makanisani Kentucky, kwamba mtu mweusi anayetaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 alipe dola 5 tu. Walichora mji mzuri, ardhi nzuri, maji, mbao, wanyama wa kuwinda. Ardhi kweli ilikuwepo. Mengine mengi hayakuwepo. Mbao hazikuwepo kwa sababu miti yenyewe hakuna, ipo kidogo kando ya mto Solomon basi, na ndiyo maana watu wakaingia ardhini.

Nilipita Ellis makusudi nikasimama. Kwa gari kutoka Ellis mpaka Nicodemus ni chini ya saa moja, kama kilomita 55 hivi, lami nzuri, kiyoyozi kinavuma. Wale watu karibu 300 wa Septemba 1877 waliitembea siku mbili, wengine wana watoto mgongoni, mama mmoja Emma Williams alikuwa mjamzito na mwezi uliofuata akajifungua Henry, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye ule mji. Nilishuka kwenye gari katikati ya njia nikazima injini. Upepo tu. Kushoto mtama, kulia mtama, bado kijani haujatoa masuke, mpaka kule mbingu inapogusa ardhi. Sikutegemea mtama! Kansas ndiyo jimbo linaloongoza kwa mtama Marekani nzima, nilikuwa nalisikia, ila kuuona umejaa vile mpaka macho yanaishia, nikajiona niko Kongwa.

Familia nyingi za Septemba zilipofika zikaona yale mashimo, zikageuza. Siwalaumu hata kidogo. Kuna simulizi kwamba wengine walikasirika mpaka wakataka kumnyonga Hill na yeye akakimbia kujificha. Hill baadaye mji mwingine hapo jirani ukapewa jina lake, Hill City, na ukawa makao makuu ya wilaya, mambo ya dunia.

Waliobaki ndio ninaotaka kuwaongelea. Walichimba kwenye miinuko, shimo linaingia ndani ya kilima, mbele wanapandisha ukuta wa mabonge ya ardhi yenye mizizi ya nyasi, juu wanalaza miti ya mtoni na matawi na udongo, sehemu ya moto pembeni. Mvua ikinyesha paa linadondosha tope. Kuni hakuna, wanachoma mabua ya alizeti na samadi kavu. Baridi ya kule siyo ya kusimuliwa, mimi na hita yangu nalalamika kila Januari. Walichelewa kufika kwa hiyo hawakupanda chochote, chakula walichobeba kikaisha, wanaume wakaondoka kwa miguu kutafuta vibarua kwenye reli na miji ya mbali, wanawake wakabaki na watoto ndani ya ardhi. Na wazee wa Nicodemus wamesimulia vizazi vyote kwamba ule msimu wa baridi watu wa Osage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wakiwa wanarudi kutoka kuwinda, waliwagawia nyama. Hapa nataka mtu aelewe vizuri. Osage wenyewe walikuwa wamesukumwa nje ya Kansas miaka michache tu kabla, ile ardhi iliyoitwa ya bure ilikuwa na wenyewe, Wapawnee walikuwa wanawinda mto huo huo, na wote wakaondolewa ili serikali iigawe. Halafu hao walionyang'anywa ndio waliowalisha waliotoka kuwa watumwa. Nimekaa na hili jambo wiki nzima, nimeshindwa kulipita haraka.

Mwaka uliofuata ikabidi walime. Nyasi za kule zina mizizi imesukana kama mkeka, jembe la kukokotwa lenyewe linapata tabu, na farasi kijiji kizima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Watu wakashika majembe ya mkono na koleo, mtu na mke wake, wakavunja ile ardhi kipande kwa kipande. Mwingine alifunga ng'ombe wa maziwa akalimia. Wakaokota mifupa ya nyati iliyozagaa nyikani wakaiuza kwa tani kwenda kutengenezwa mbolea, hiyo ndiyo ilikuwa hela ya chumvi na unga. Posta ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya shimo ya Z. T. Fletcher na mke wake Jenny, na Jenny ndiye alikuwa mwalimu wa kwanza. Mtu umezaliwa kipindi ambacho mtumwa akijifunza kusoma anaweza kupigwa mijeledi, leo mtoto wako anajifunza a e i o u ndani ya shimo na barua inakuja ina jina lako. Mimi hapo ndipo naona mji ulianza, siyo ile Aprili kwenye makaratasi ya kampuni.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Miaka ya 1880 mashimo yakaanza kupisha nyumba za mawe ya chokaa, maana chokaa ndiyo iliyopo kule, kanisa la AME, yaani la Kimethodisti la watu weusi, la 1885 mpaka leo limesimama nimelishika ukuta kwa mkono wangu. Kukawa na maduka, hoteli ya akina Fletcher, benki, timu ya baseball, na magazeti mawili, la kwanza 1886 linaitwa Western Cyclone. Kijana mmoja Edward McCabe aliyehamia 1878 akachaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha jimbo pale, na akachaguliwa tena 1884. Kutoka kwenye kijiji chenye miaka mitano!

Kilichowaumiza ni reli. Mwaka 1887 wakapiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000 ili kampuni ya reli ipitishe njia kwao, ikashindikana, na 1888 kampuni nyingine ikajenga upande wa pili wa mto, maili kama 6 tu kutoka pale. Sehemu ilipokuwa kambi ya reli ikawa mji wa Bogue. Wenye maduka wakabomoa wakahama, wengine walibeba na majengo. Mtu wa Tanzania hili haelezwi mara mbili, tunajua vijiji vilivyokufa barabara kuu ilipochepushwa. Halafu ikaja miaka ya 1930 na vumbi na njaa, mwaka 1935 walibaki watu 76, mwaka 1950 watu 16, posta ikafungwa 1953.

Lakini mi nilienda Julai kwa sababu maalum. Tangu mwanzo kabisa watu wa Nicodemus wanasherehekea uhuru kila mwaka kukumbuka Agosti 1, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni ya Mwingereza ilianza kazi, na mpaka leo wikiendi ya mwisho ya Julai uzao wao wanarudi kutoka Denver, California, Topeka, kila mahali. Wakazi wa kudumu hawafiki 30. Wikiendi ile magari yamepaki mpaka kwenye nyasi, nyama inachomwa, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya ukumbi wa mawe wa 1939, watoto wanakimbizana na hawajui hata wanaitanaje, ni mabinamu tu. Ukiwahi kuona Wachaga wanavyopanda Moshi Desemba utaelewa haraka sana. Tangu 1996 serikali imeweka pale kuwa sehemu ya historia ya taifa, kuna walinzi wa hifadhi wanatembeza wageni, ni vizuri, ila nilichokiona mimi ni kwamba ule mji ungefutika kabisa kama watu wangeacha kurudi.

Mzee mmoja aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akashika mkono wangu muda mrefu bila kuuachia. Akanipeleka nyuma ya nyumba moja akanionyesha bonde dogo lililodidimia, majani yameota juu, ukipita huwezi kujua. Hilo lilikuwa shimo la babu wa babu yake. Kina chake sasa hivi magotini. Tulisimama pale tukiangalia na hakuna aliyesema kitu.

Jumapili usiku nikampigia bibi Dodoma, kwao ilikuwa asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, umekula?"

Nikamsimulia yote, mashimo, mtama, moshi, yule mama aliyelia. Bibi akasikiliza kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza, huyo mama aliyelia alibaki au alirudi kwao? Nikamwambia alibaki. Bibi akaguna. Akaanza kunieleza kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema, kwamba 1971 ile operesheni ya vijiji ilipowahamisha walishushwa na lori jioni mahali penye vigingi tu vya kupimia viwanja, nyumba hakuna, maji hakuna, na watu wamekaa juu ya mizigo yao hawajui waanzie wapi. Mama yake, yaani bibi yangu mkuu ambaye mimi sikumwona, hakufungua mzigo hata mmoja. Aliokota mafiga matatu, akakoka moto, akabandika maji.

"Maji yenyewe aliyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Tulikuja nayo kwenye kibuyu. Kidogo tu, hata hayakutosha uji. Lakini wenzetu walipouona ule moto na wao wakaanza kutafuta mawe."