Nimemkimbia nzi leo
Jamani leo nimechekwa na mke wangu. Mnajua niko huku Kent, Uingereza, nina mizinga miwili nyuma ya nyumba, sasa Machi hii jua likatoka kidogo nikaenda kuangalia nyuki wameamkaje. Ghafla naona dude lina mistari linanguruma pembeni ya mlango wa mzinga, nikajua mavu wa Asia huyu, yule nyigu mkubwa mla nyuki, nikatoka nduki hadi jikoni 😂

Mke wangu akalipiga picha tukalikuza, kumbe nzi! Macho makubwa yameziba uso mzima, vipapasio vifupi, mabawa mawili tu wakati nyuki na nyigu wana manne, na wala hana mwiba. Kaiga sura ya nyuki basi, tapeli tu.

Ila msinicheke sana, huyo mavu mwenyewe ni balaa. Aliingia Ufaransa mwaka 2004 hivi, hapa Uingereza akaonekana 2016, na anawinda nyuki palepale mlangoni wakirudi na chakula. Mwili mweusi mweusi, miguu mwishoni ya njano kama kavaa soksi. Yule wa kienyeji wa Ulaya ni mkubwa zaidi, ana wekundu wa kahawia, tumbo njano.

Halafu nyigu unayemuona saa hizi karibu kila mara ni malkia, maana vibarua wote walikufa na baridi, anatafuta pa kujenga kiota.

Mtego wa mavu nshatundika, na kila asubuhi naukagua, japo kwa mbali kidogo 😅