Mwingine Atakufunga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome Yohana 21:1–19. Kukesha ziwani na kurudi na mashua tupu, sisi tuliokulia mwaloni hatuhitaji kufafanuliwa, kwa hiyo naruka hadi asubuhi. Petro anasikia, "Ni Bwana," na papo hapo anajifunga vazi lake na kujitupa majini. Hasubiri mashua, hasubiri mtu. Halafu wakishakula samaki na mkate pale kwenye makaa, huyo huyo aliyejifunga mwenyewe alfajiri anaambiwa: "Utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka."

Najua mstari wa 19 unaeleza kuwa Yesu alikuwa akionyesha kifo cha Petro, na sitaki kuupindisha. Ila kabla ya kifo umetajwa uzee, na katika uzee imetajwa nguo. Hapo kwenye nguo ndipo nilipokwama.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, enzi za karabai. Usiku wa giza yuko majini upande wa Ukerewe. Mbalamwezi ikitoka yuko nyumbani Kirumba, anashona nyavu. Sasa amepita miaka themanini na tunaishi naye. Ukimpa sindano ya nyavu na kipande kilichotoboka, mikono inajua kazi yake: fundo, vuta, fundo, bila hata kutazama. Ukimpa shati, analigeuza na kuligeuza, mwisho anapitisha mkono kwenye shingo. Chai ya saa moja haikumbuki saa mbili, lakini atakutajia kila mashua aliyopanda ujanani na nahodha wake. Ya karibuni ndiyo hutangulia kuondoka. Yale yaliyoingia mikononi zamani hukawia.

Asubuhi moja alinisalimia, "Shikamoo, kaka." Alinidhania marehemu kaka yake mkubwa. Jamani, baba yako mzazi akikupa shikamoo unajibu nini? Ukiitika marahaba umekalia kiti kisicho chako. Ukimsahihisha, atatahayari mbele ya wajukuu. Siku ile nilimsahihisha. Alinyamaza, akaangalia mlangoni, chai ikapoa. Siku ya pili niliitika, nikamuuliza ziwa limeamkaje. Akanieleza vizuri sana, upepo na kila kitu.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine, nalisema ili mtu asilirudie. Kuna wakati alibadilika ghafla, kwa siku mbili tu: anaongea ovyo, anasinzia mchana kutwa, anaona watu ukutani. Kwenye kituo kimoja cha afya tukaambiwa, "Huo ni uzee tu, mrudisheni akapumzike." Nami nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Dada yangu ndiye aliyekataa. Alimpeleka kwingine, wakampima mkojo: maambukizi, na mwili umepungukiwa maji. Kumbe kiu nayo huzeeka. Mzee anaweza kukaukiwa asihisi hata hamu ya kunywa. Tumekaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na baba yetu amekauka ndani ya nyumba! Siku chache za dawa na vikombe vya maji, akarudi alipokuwa. Wapendwa, usahaulifu unaokuja polepole ni jambo moja. Mtu aliyechanganyikiwa tangu juzi ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali hata akiwa na miaka tisini.

Na kwa kuwa tuko kanda ya ziwa, niseme na hili, maana tukilinyamazia kanisani litasemewa wapi. Huku kwetu bibi zetu wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Yale macho ni moshi. Ni miaka na miaka ya kuinamia mafiga, na kuni zikikosekana ni samadi kavu. Yameiva hivyo kwa kutupikia sisi.

Kati ya wazee wa Biblia ninampenda Barzilai (2 Samweli 19). Ana miaka 80, Daudi anamwalika Yerusalemu akalishwe na mfalme, naye anajibu waziwazi: ladha ya chakula siisikii tena, waimbaji siwasikii, kwa nini nikawe mzigo kwako? Hajifanyi kijana, wala haombolezi. Anamvusha mfalme Yordani, wanaagana, anarudi kwao.

Baba yangu si Barzilai. Alipigania kila kifungo. Mabinti hawawezi kumwogesha wala kumvisha, ni mwiko kwake, kwa hiyo kazi ni yangu au ya mjukuu, na kwa miezi mingi tulikuwa tunagombana kila Jumapili. "Nani kakwambia sijui kuvaa?" Nami namnyang'anya shati kwa sababu tunachelewa ibada. Haraka ya kwenda kumsifu Mungu, na huku nimemwaibisha baba! Sasa nampangia nguo kwa zamu yake, nampa moja moja, nasubiri. Anachoweza namwachia afanye mwenyewe, maana kwa mzee misuli isiyotumika huisha upesi kuliko tunavyodhani. Suruali bado anaiweza. Viatu siku nyingine.

Jumapili iliyopita nilimwekea shati jeupe kitandani, nikakaa pembeni kimya. Aliligeuza mara mbili, akalitazama, kisha akanitazama mimi. Akanyoosha mikono.

"Haya, kaka," akasema, "tusije tukaachwa na mashua."

Ibada ya kwanza ilitupita. Tukaenda ya pili.